Tangi la Samaki na Njia ya Kutokea Maji

Mtu anayejenga nyumba kwetu Kilimanjaro huulizwa na jirani zake maji atayatoa wapi. Ni nadra kuulizwa atayapeleka wapi yakishafika. Fundi hulipwa vizuri kwa bomba linaloingiza maji. Lile linaloyatoa huachiwa kijana anayejifunza kazi, siku ya mwisho, kwa vipande vya bomba vilivyobaki. Katika makala hii nataka kutetea jambo ambalo huenda likaonekana dogo mno kwa jarida la sayansi: kwamba njia ya kutokea maji ndiyo sehemu yenye sayansi nyingi kuliko zote katika mtambo wa maji, na kwamba shule zetu zingefanya vyema kuanzia hapo kufundisha habari za vimiminika, badala ya kuishia hapo au kutofika kabisa.

Kilichonisukuma kuandika ni tangi la samaki. Mwaka jana, masika yakiwa yamepamba moto, niliitwa na mwalimu wa Biolojia wa shule moja ya sekondari iliyo juu ya mji wa Moshi, katika ukanda wa migomba na kahawa. Shule siitaji, kwa sababu yaliyotokea pale yangeweza kutokea popote. Mwalimu huyo na wanafunzi wake walikuwa wametengeneza tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 100, upana wa 40 na kina cha 50, wakafuga humo perege wadogo. Chini ya meza waliweka pipa la plastiki lenye changarawe. Maji yaliyozidi katika tangi yaliingia katika bomba, yakashuka pipani, yakapita katika changarawe, na pampu ndogo ikayarudisha juu. Ndani ya changarawe wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia itokayo kwa samaki kuwa naitriti, kisha naitreti, ambayo haidhuru sana. Mpango ulikuwa mzuri, na sikuona kosa lolote katika Biolojia yake.

Hata hivyo mkuu wa shule alikuwa amekwisha kuamua kwamba tangi liondolewe. Alikuwa na sababu tatu, na kwa haki niseme kwamba zote zilikuwa nzito. Kwanza, tangi lilikoroma. Mchana kutwa bomba lilinyamaza, likaguguma, likavuta kwa kishindo kama mtu anayemaliza uji bakulini, kisha likanyamaza tena, na darasa la jirani halikuweza kusoma. Pili, kila umeme ulipokatika sakafu ililowa. Tatu, na hili ndilo lililomtisha, usiku mmoja wa Ijumaa maji yalifurika juu ya kioo, yakaenea sakafuni, yakafika kwenye ubao wa soketi uliokuwa umelazwa chini. Pampu iliungua. Asubuhi mlinzi alifungua mlango akaingia majini na ndara zake. Swichi kuu ilikuwa imejizima yenyewe wakati wa usiku. Laiti isingejizima, nisingekuwa nikiandika kwa furaha niliyo nayo sasa.

Fundi aliyeitwa kabla yangu alikuwa ametoa ushauri wake: inunuliwe pampu kubwa zaidi. Nataka msomaji aukumbuke ushauri huo, maana ni mfano kamili wa ugonjwa ninaousema. Maji yanashindwa kutoka, na dawa inayopendekezwa ni kuyaingiza kwa wingi zaidi.

Niliwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu sifoni ni nini. Mmoja alisimama akanitajia maana yake kwa Kiingereza, neno kwa neno kama ilivyo kitabuni, akaketi. Nikauliza, basi kwa nini bomba lenu linakoroma? Kimya. Nikauliza tena kwa Kiswahili, nikabadili swali: ukimimina maji kutoka katika dumu lililojaa, kwa nini hutoka kwa vishindo? Mikono ikainuka darasa zima. Kila mtoto wa mlimani amebeba dumu. Walieleza kwamba mdomo ni mmoja, maji yanataka kutoka na hewa inataka kuingia, basi hupishana kwa zamu. Mmoja akaongeza kwamba mwenye duka akifungua debe la mafuta hutoboa matundu mawili, moja la mafuta na moja la hewa, nayo mafuta hutoka kimya kimya. Walikuwa na nadharia yote kichwani. Ila hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba hiyo ndiyo nadharia.

Mabomba ya kutolea maji, yote, ni habari ya hewa. Bomba la wima linaweza kufanya kazi kwa namna mbili zilizo tulivu. Ama maji yateremke yakiambaa ukutani mwa bomba na hewa ikae katikati, ama bomba lijae maji tupu bila hewa, ndiyo sifoni. Kati ya hali hizo mbili ipo ya tatu, ambamo maji na hewa hugombea nafasi, na hiyo ndiyo yenye makelele. Bomba la shule lilikuwa la milimita 25, na juu yake waliweka kona mbili ili mdomo utazame chini, samaki wasimezwe. Nia ilikuwa njema. Lakini bomba lililopinda hivyo, bila tundu la hewa kileleni, ni sifoni inayojianzisha yenyewe. Wagiriki wa kale walikuwa na kikombe cha namna hiyo, ambacho jadi humhusisha nacho Pythagoras: ukikijaza kwa kiasi unakunywa, ukizidisha kinamwaga vyote chini. Shule ilikuwa imetengeneza kikombe cha Pythagoras cha lita 200 bila kujua.

Hapo ndipo msichana mmoja aliyekuwa ameketi nyuma alipotoa daftari. Kwa majuma mawili alikuwa ameyahesabu makoromo kwa saa ya mkononi. Hakuambiwa na mtu. Alichoshwa na makelele akaanza kuyapima. Maji katika tangi yalipanda sentimita 3 kwa sekunde 40, kisha yakashuka sentimita 3 hizo hizo kwa sekunde 20, dakika baada ya dakika, saa baada ya saa. Sijapata kuona vipimo bora zaidi vilivyoandikwa kwa penseli butu.

Tuvitazame. Eneo la uso wa maji ni mita 1 mara mita 0.4, yaani mita za mraba 0.4. Sentimita 3 za kina ni lita 12. Pampu ilijaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 50, kwa hiyo ilipeleka lita 0.4 kwa sekunde. Maji yanaposhuka lita 12 kwa sekunde 20, tangi linapoteza lita 0.6 kila sekunde, na huku pampu inaongeza 0.4, basi bomba linatoa lita 1 kamili kwa sekunde. Maji yanapopanda lita 12 kwa sekunde 40, tangi linapata lita 0.3 tu kati ya zile 0.4; basi lita 0.1 inapenya bombani kwa kuambaa ukuta. Tumelijua bomba lote kwa saa ya mkono na rula. Likiambaa linapitisha lita 0.1, likiwa sifoni linapitisha lita 1, na pampu inalidai 0.4. Kiasi hicho ni kingi mno kwa hali ya kwanza na kidogo mno kwa hali ya pili. Bomba halina budi kurukaruka kati ya mbili hizo, na kila kuruka ni koromo moja.

Msomaji anaweza kuihakiki hiyo lita 1. Kutoka usawa wa maji ya tangi hadi usawa wa maji ya pipa palikuwa na mita 0.8. Maji yanayoanguka kimo hicho bila msuguano hufikia mwendo wa karibu mita 4 kwa sekunde, na bomba la milimita 25 lingepitisha karibu lita 2. Kona nne na urefu wa bomba vilikula nusu. Ukubwa wa hasara hiyo uwe funzo kwa wale wanaopenda kona.

Sasa turudi kwa fundi na pampu yake kubwa. Pampu ya lita 0.8 kwa sekunde ingefanya nini? Bado ingekuwa kati ya 0.1 na 1, kwa hiyo tangi lingeendelea kukoroma, isipokuwa kwamba maji yangepanda upesi zaidi. Na siku bomba likiziba, sakafu ingelowa kwa nusu ya muda.

Ziko dawa mbili za kweli. Ya kwanza ni kutoboa tundu dogo la hewa kileleni mwa kona na kuweka bomba pana, la milimita 50 hivi, ili maji yote yateremke kwa kuambaa. Ya pili ni kuiacha sifoni iwe sifoni, lakini kufunga koki chini yake na kuikaza taratibu mpaka ipitishe kiasi kile kile ambacho pampu inaleta. Bomba likijaa maji tupu halina hewa ya kugombana nayo, hunyamaza kabisa. Shule ilichagua ya pili kwa kuwa koki moja ilikuwa nafuu kuliko kubadili bomba zima. Nilipoikaza kwa robo duara baada ya robo duara, kelele ikafifia, kisha ikazimika, na wanafunzi wakacheka kwa kutoamini. Zingatieni pia ncha ya chini ya bomba: izame majini sentimita 2 au 3 tu. Ikizama sana, hewa iliyo ndani hukosa pa kutokea, na sifoni huchelewa kuanza kila pampu inapowashwa.

Hapa kuna pingamizi la haki. Koki iliyokazwa kulingana na pampu haina akiba. Konokono mmoja akinasa, au ute wa mwani ukaongezeka, maji yatapanda. Kwa hiyo bomba la namna hii halistahili kuwepo peke yake. Sharti pawe na la pili, lenye mdomo ulio juu kidogo ya usawa wa kawaida, lisilo na koki wala kona ya kilele, ambalo siku zote hukaa kavu likingoja balaa.

“Lakini sisi tulikuwa na bomba la pili,” mwalimu akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa. Ni kweli walikuwa nalo. Nililifuata kwa kidole kutoka juu. Chini ya meza, ili kuokoa mita moja na nusu ya bomba, walikuwa wameliunganisha na lile la kwanza kwa tii, na kutoka hapo likashuka bomba moja tu. Tulipoifungua tii tulikuta ndani yake konokono wawili na kipande cha jani. Usiku ule wa Ijumaa mabomba yote mawili yaliziba mahali pamoja. Juu ya tangi yalionekana mawili. Kwa maji lilikuwa moja.

Nimekaa sana juu ya tii hiyo, na nakiri ninayo sababu yangu. Nilipokuwa ng'ambo nikiandaa shahada ya udaktari, niliacha mtambo wangu wa kupozea ukiendeshwa na maji ya bomba usiku kucha. Nilikuwa nimeweka njia mbili za kutolea maji, nikajiona mwangalifu, kisha nikazielekeza zote katika sinki moja. Kitambaa kikaziba tundu la sinki. Asubuhi nilikuta mhudumu wa maabara ya ghorofa ya chini akinisubiri mlangoni na ndoo mkononi, hasemi neno. Njia mbili zinazokutana kabla ya mwisho ni njia moja. Sikulisoma hilo katika kitabu chochote nilichopewa, ingawa vitabu vilikuwa vingi na ghali.

Suala la umeme kukatika lilikuwa jepesi kulieleza. Bomba la pampu lilirudisha maji ndani ya tangi kwa mdomo uliozama sentimita 10. Pampu ikisimama, bomba hilo hugeuka sifoni ya kinyume, likashusha maji mpaka mdomo uguse hewa. Sentimita 10 ni lita 40. Pipa lilikuwa na nafasi ya lita 25. Zilizobaki 15 ziliishia sakafuni, na kila mara walizikausha kwa matambara bila kujiuliza kwa nini ni karibu kiasi kile kile siku zote. Tulitoboa tundu la milimita 4 katika bomba hilo, sentimita 1 chini ya uso wa maji. Maji yakishuka hapo, hewa inaingia na sifoni inakatika. Mtu ataniuliza kwa nini hatukuweka vali ya njia moja. Vali hiyo hufanya kazi vizuri ikiwa mpya. Baada ya miezi michache mwani hukaa kwenye kifuniko chake, kikabaki wazi kidogo, na siku hiyo hakuna atakayekukumbusha. Tundu nalo huziba, lakini unaliona kwa macho, na mswaki mkuukuu unatosha kulisafisha.

Bado ile sifoni kuu itaendelea kushusha maji mpaka mdomo wake uvute hewa, yaani sentimita 3, au lita 12. Kwa hiyo pipa sharti liwe na nafasi isiyopungua lita 20, na mstari mwekundu ulichorwa hapo. Kisha tukaifikiria balaa ya upande wa pili: mabomba yakiziba yote na pampu ikaendelea. Kati ya uso wa maji na ukingo wa kioo palikuwa na sentimita 3, yaani lita 12. Pampu ilikuwa na uwezo wa kuvuta lita 60 kutoka pipani, kwa hiyo lita 48 zilikuwa za sakafu tangu siku ya kwanza. Zilingoja tu siku yake. Wanafunzi waliitumbukiza pampu ndani ya ndoo ya lita 10 iliyosimama pipani, ili maji yaingie kwa kupita juu ya ukingo wa ndoo. Sasa juu pakiziba, pampu itamaliza lita 10 na kuvuta hewa. Tangi litajaa bila kumwagika. Ubao wa soketi ulitundikwa ukutani, na nyaya zikaachwa zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone linalotambaa juu ya waya lidondoke kabla ya kufika. Nilisisitiza pia iwekwe swichi inayojikata umeme unapovuja kwenda ardhini. Kwa hili sikubali hoja ya gharama.

Nimeeleza kwa urefu ili walimu waone kwamba katika tangi moja mna kanieneo, mwendo, msuguano, ujazo, uwiano, umeme na mzunguko wa naitrojeni. Vitabu vyetu huchora sifoni kwa herufi A, B na C kati ya bika mbili, na mtihani huuliza eleza kanuni yake. Mwanafunzi hueleza, akapata alama zake. Hakuna anayeulizwa: ikisimama itakuwaje? Ikiziba itakuwaje? Maswali haya mawili ndiyo yanayotenganisha mtu anayejua sayansi na mtu anayeikumbuka. Kwa wapendao hesabu za mlima wetu nitatupia jingine: sifoni hutegemea kanieneo ya hewa kuyainua maji juu ya ukingo, na pwani kanieneo hiyo hubeba safu ya maji ya karibu mita 10.3. Mjini Moshi, kwenye mita 900 hivi juu ya bahari, hubeba kama mita 9.3. Kileleni Kibo, mita 5895, ni karibu mita 5 tu, kama maji hayajaganda. Mwanafunzi aeleze kwa nini.

La kusikitisha ni kwamba sisi watu wa mlimani hatukuwa wageni wa elimu hii. Mifongo ya Wachagga ilikuwako kabla ya Rebmann kuiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na Harry Johnston, aliyefika Moshi mwaka 1884, ni miongoni mwa wageni walioistaajabia. Wageni hao husifu jinsi maji yalivyoletwa kutoka makorongoni hadi mashambani. Babu yangu, Kibosho, alinionyesha upande wa pili. Mvua kubwa ikianza kunyesha usiku hakwenda kwenye shamba. Alikwenda pale ambapo mfongo ulikuwa na pengo la kando la kurudisha maji korongoni, akaliondolea takataka. Kwenye chanzo, kizuizi cha mtoni kilikuwa cha mawe, magogo na matawi. Mafuriko yalikizoa, na watu wakakijenga upya. Nilipokuwa mtoto niliona huo ni udhaifu. Sasa nauona kuwa fyuzi. Mto ukifura, kizuizi kinavunjika na mfongo unapona. Kizuizi cha zege hakivunjiki, kwa hiyo kinahitaji mlango wa mafuriko uliopimwa kwa hesabu, kama ule ambao hakuna mhandisi anayeweza kuusahau katika bwawa kubwa kama Nyumba ya Mungu, lililojengwa kusini mwa Moshi katika miaka ya 1960. Tumechukua zege ya mhandisi mara nyingi bila kuchukua hesabu yake, na fyuzi ya babu tumeitupa.

Wala madhara hayaishii sakafuni. Siku hizi mabwawa ya samaki ya udongo yamekuwa mengi mlimani, na mengi hulishwa na mifongo hiyo hiyo. Sato aliyeletwa kutoka kwingine hufugwa humo. Masika yakija na bwawa likakosa njia nzuri ya maji ya ziada, maji hupita juu ya tuta, tuta humomonyoka, na samaki hushuka mtoni. Katika Ziwa Chala, mguuni mwa mlima huu, yupo perege asiyepatikana kiasili mahali pengine popote duniani. Wataalamu humwita Oreochromis hunteri. Katika Ziwa Jipe na mto Pangani yupo Oreochromis jipe. Wote wawili wamo katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini kabisa kutoweka, na samaki wageni wa jamii hiyo hiyo, wenye uwezo wa kuzaana nao, ni sehemu ya hatari yenyewe. Wavu huwekwa kwenye tundu la ziada kuwazuia. Lakini wavu mdogo huziba kwa majani katika mvua ya kwanza, na hapo tumerudi kwa konokono wetu wawili. Wavu uwe mpana mara nyingi kuliko tundu, uinamishwe, na pawe na njia ya pili yenye wavu wake.

Walimu wenzangu watasema muda hautoshi na muhtasari ni mrefu. Nakubali kwamba muhtasari ni mrefu. Lakini sifoni hufundishwa hata sasa; naomba tu ifundishwe kwa dumu lililotobolewa, mpira wa mita 2, ndoo na saa, na swali la mwisho liwe maji yataishia wapi. Itachafua darasa. Wanafunzi watalipiga deki, na hata hilo litawafunza jambo kuhusu lita 15.

Mkuu wa shule alikubali tangi libaki kwa muhula mmoja, kwa sharti lake: kila Ijumaa, mbele ya mlinzi, wanafunzi wazime umeme kwa dakika kumi, kisha wauwashe na kuliziba bomba kuu kwa tambara. Nilikwenda mwezi uliopita kushuhudia. Umeme ulipozimwa maji pipani yalipanda, yakasimama vidole viwili chini ya mstari mwekundu. Tambara lilipowekwa, maji ya tangi yalipanda taratibu hadi mdomo wa bomba la pili, na bomba hilo kavu likaanza kunguruma kwa kelele kuliko siku zote. Nilitaka kueleza jinsi ya kulinyamazisha. Yule msichana wa daftari alinikatiza kwa adabu. “Samahani mwalimu, hili tuliache lipige kelele. Likinyamaza tutajuaje kuwa la kwanza limeziba?”